Gregor Mendel, Mtawa Aliyehesabu Njegere

Mwalimu wetu aliposema kwamba kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekufa zamani, wenzangu walikimbilia wafalme na majemadari, na zamu yangu ilipofika hakubaki jemadari hata mmoja. Basi mimi nikamchukua padri aliyekaa miaka minane bustanini akihesabu njegere. Darasa zima lilicheka. Lakini nilikuwa na sababu yangu, nayo iko nyumbani kwetu Mbale; nitaieleza nikifika mahali pake.

Mendel alizaliwa mwezi wa Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf. Siku zile kijiji hicho kilikuwa katika milki ya Austria, na sasa kimo katika nchi ya Ucheki. Jina alilopewa na wazazi ni Johann. Gregor ni jina alilolipata baadaye alipoingia utawani. Baba yake, Anton, alikuwa mkulima wa shamba dogo, na juu ya kulima lake alilazimika kufanya kazi siku tatu kila juma katika shamba la bwana mkubwa wa nchi. Nyumbani palikuwa na miti ya matunda na mizinga ya nyuki, na mtoto alijifunza mapema kazi ya mikono ile ambayo baadaye ilimpa sifa.

Alikuwa na akili, na mwalimu wa kijiji akawashauri wazazi wampeleke shule ya mbali. Wakampeleka, lakini ada ilikuwa nzito, na kijana aliandikishwa kwa kulipiwa nusu ya chakula tu. Nadhani wasomaji wengi wa gazeti hili wanaijua hali hiyo bila kuelezwa. Mwaka 1838 gogo la mti lilimwangukia baba yake na kumvunja kifua, asiweze tena kazi nzito. Tangu hapo Johann alijitafutia riziki kwa kuwafundisha watoto wa wengine, akawa mara anasoma, mara anaugua na kulala kitandani nyumbani kwa miezi.

Aliyemwokoa ni dada yake mdogo, Theresia. Kwao bibi arusi ndiye aliyekwenda na mali kwa mumewe, si kama kwetu, na Theresia alikuwa amewekewa fungu lake. Akalikata fungu hilo, akampa kaka yake sehemu ili amalize masomo. Johann hakusahau. Miaka mingi baadaye, alipokuwa mtu mkubwa, aliwasomesha wana watatu wa Theresia, na wawili kati yao wakawa madaktari.

Mwaka 1843 aliingia katika nyumba ya watawa wa Mtakatifu Augustino katika mji wa Brno. Sitasema kwamba ni dini peke yake iliyomwita. Yeye mwenyewe alikiri kwamba alitafuta mahali ambapo hatahangaika kila siku juu ya chakula. Nyumba ile ilikuwa na maktaba nzuri, na mkuu wake, Cyrill Napp, alipenda elimu na kilimo. Mendel akapata upadri mwaka 1847, akapewa kazi ya kuwazuru wagonjwa. Kazi hiyo ilimshinda kabisa. Kila alipomwona mtu katika maumivu naye aliugua, hata Napp akaona afadhali amtume kufundisha shuleni.

Hapo alipendeza. Lakini ili awe mwalimu kamili ilimpasa kufanya mtihani wa serikali. Akaufanya mwaka 1850, akashindwa. Majibu yake juu ya wanyama hayakuwaridhisha watahini. Napp akampeleka Chuo Kikuu cha Vienna kwa miaka miwili, akasoma fizikia, hesabu na elimu ya mimea. Mwaka 1856 akajaribu mtihani tena, akaugua, akarudi Brno bila cheti. Kwa hiyo mtu ambaye jina lake limo katika kila kitabu cha Biolojia alifundisha miaka kumi na minne kama mwalimu wa muda, kwa sababu hakupata karatasi ya kuthibitisha kwamba anajua Biolojia.

Mwaka huohuo wa 1856 ndipo alipoanza kazi yake kubwa. Nyuma ya nyumba ya watawa palikuwa na kipande cha bustani chenye urefu wa mita 35 hivi na upana wa mita 7. Ukikipima, ni kidogo kuliko kiwanja chetu cha mpira wa mikono. Alikwisha kujaribu aina 34 za njegere kwa miaka miwili ili aone zipi huzaa watoto wanaofanana na wazazi bila kubadilika. Akachagua tabia saba za kuangalia: mbegu laini au yenye mikunjo, mbegu ya manjano au ya kijani, mmea mrefu au mfupi, na nyingine za namna hiyo.

Kazi ilikuwa hivi. Njegere hujichavusha yenyewe ndani ya ua lililofungika. Mendel alilifungua ua likiwa bado changa, akaziondoa kwa koleo ndogo sehemu za kiume, kisha akalipaka chavua, yaani ule unga wa kiume, kutoka mmea mwingine, na kulifunika kwa kifuko ili mdudu asije akaharibu hesabu. Ua moja, halafu la pili, halafu la mia. Katika miaka minane alishughulika na mimea ipatayo 28,000.

Alipochanganya mbegu laini na zenye mikunjo, watoto wote wakawa laini, kana kwamba mikunjo imekufa. Lakini alipowaacha watoto hao wazae, mikunjo ikarudi katika wajukuu. Wengine kabla yake waliliona jambo hilo, wakastaajabu, wakaishia hapo. Mendel yeye akahesabu: mbegu 5,474 laini, mbegu 1,850 zenye mikunjo. Katika rangi, 6,022 za manjano na 2,001 za kijani. Kila mara tatu kwa moja. Akatambua kwamba kila mmea hubeba vitu viwili kwa kila tabia, kimoja kutoka kwa baba na kimoja kutoka kwa mama, na humpa mtoto kimoja tu. Kimoja chaweza kutawala na kingine kujificha, lakini kilichojificha hakikufa. Vitu hivyo siku hizi tunaviita jeni.

Liko jambo moja katika kazi yake ambalo wanafunzi hulipita upesi, nami naomba tusimame hapo kidogo. Mendel hakuridhika kuchukua chavua ya mmea mrefu na kuipaka kwenye ua la mmea mfupi. Aligeuza pia: akachukua chavua ya mfupi akaipaka kwenye ua la mrefu. Alitaka kujua kama inaleta tofauti ni nani aliye baba na ni nani aliye mama. Akaona hapana tofauti hata kidogo. Baba na mama wanatoa sawasawa, na jeni haikumbuki imetoka kwa nani. Katika Ulaya ya siku zile, ambapo wako waliofundisha kwamba mtoto wote hutoka kwa baba na mama ni udongo tu wa kupandia, hilo lilikuwa neno zito sana.

Alisoma kazi yake mbele ya chama cha wapenda elimu cha Brno tarehe 8 Februari na 8 Machi 1865. Ikachapwa mwaka 1866. Aliagiza nakala 40 za kuwapelekea wataalamu, lakini karibu hakuna aliyeelewa. Mtaalamu mkubwa wa Munich, Nägeli, alimjibu kwa ubaridi na kumshauri ajaribu mmea mwingine unaofanana na maua ya mchunga, ambao yeye Nägeli aliupenda. Mendel akautii ushauri, akaumia macho kwa maua yale madogo, na matokeo yakaja kinyume cha yale ya njegere. Hakujua, wala Nägeli hakujua, kwamba mmea ule huzaa mbegu nyingi bila baba kabisa. Lakini tazameni alivyofanya: aliandika matokeo hayo mabaya kama yalivyokuwa, akayachapisha mwaka 1870, ingawa yaliipinga kanuni yake mwenyewe. Mimi namheshimu kwa ukurasa huo kuliko kwa njegere zote.

Mwaka 1868 watawa walimchagua kuwa mkuu wao, na tangu hapo kazi za ofisi zilimla. Kuanzia 1874 aligombana na serikali juu ya kodi ya nyumba za watawa, akakataa kulipa mpaka kufa kwake. Faraja yake ilikuwa kupima mvua na upepo, na nyuki. Alileta nyuki wa namna mbalimbali akijaribu kuwachanganya, lakini malkia wa nyuki hupanda hewani na madume wengi awapendao, kwa hiyo hakuweza kuwatawala kama alivyotawala njegere. Hapa niongeze jambo la kwetu. Mwaka 1956 malkia wa nyuki wa Afrika walipelekwa Brazil, wengi kutoka Afrika Kusini na mmoja kutoka Tabora, na uzao wao ukaenea sehemu kubwa ya Amerika kwa ukali. Wataalamu walipowachanganya na nyuki wa Ulaya kwa njia mbili, kama Mendel alivyofanya kwa njegere, waliona ukali unazidi ikiwa damu ya Afrika imetoka upande wa baba. Padri wetu angeshangaa.

Alikufa tarehe 6 Januari 1884 kwa ugonjwa wa figo. Muziki wa mazishi uliongozwa na Janáček, ambaye baadaye alipata sifa kubwa kwa nyimbo zake. Karatasi nyingi za Mendel zikachomwa moto. Miaka kumi na sita ikapita kimya, hata mwaka 1900 wataalamu watatu wa nchi mbalimbali walipofikia kanuni ileile, na walipotafuta vitabuni wakakuta mtawa wa Brno amekwisha kuwatangulia.

Sasa nije kwenye sababu yangu.

Kaka yangu mkubwa na mkewe wanakaa juu ya Mbale, kwenye miteremko ya mlima ambao sisi tunauita Masaba na ramani huuita Elgon. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mlegevu kama kitambaa kilicholowa. Kilio chake kilikuwa kidogo, na kunyonya hakuweza. Shemeji alikamua maziwa kwa mkono, akamlisha kwa kijiko usiku na mchana. Wazee walisema maziwa ya mama ndiyo mabaya. Mtoto alipofika miaka mitatu akaanza kula, nasi tukafurahi. Furaha ikageuka. Hakushiba. Alikula matoke akamaliza, akala ya mwenzake, akaingia jikoni kwa jirani, akala maharagwe mabichi na mahindi ya kuku. Akapigwa kama mwizi, na wazee wakasema tena: hiyo ni damu ya upande wa mama, huko ndiko kwenye wezi. Pakatajwa habari ya kumrudisha shemeji kwao.

Daktari mmoja wa watoto alimwangalia mtoto yule, akaviangalia viganja vyake vidogo, akauliza jinsi alivyozaliwa, akapeleka damu nchi ya nje ikapimwe. Jibu likaja baada ya miezi mingi. Ni ugonjwa ulioelezwa na madaktari wa Uswisi mwaka 1956, nao waitwa Prader-Willi. Huwapata watoto kama mmoja katika 15,000, popote duniani. Katika kromosomu ya 15 ya mtoto wetu, kipande kilichotoka kwa baba hakipo.

Mimi nilikuwa nimetoka tu kusoma habari za Mendel, nikamwuliza mwalimu wa Biolojia: kama jeni haikumbuki imetoka kwa nani, kwa nini kipande cha mama hakikutosha? Akanijibu kwamba nimeuliza swali ambalo lilijibiwa na mtu wa jirani yetu. Azim Surani alizaliwa Kisumu mwaka 1945, ng'ambo ya ziwa hilihili tunaloliona kutoka Jinja likimimina maji yake katika Nile. Alikwenda kusoma Cambridge, na mwaka 1984 yeye na wenzake walifanya jambo la ajabu kwa panya. Walitengeneza mimba yenye jeni za mama wawili bila baba, na nyingine ya baba wawili bila mama. Kwa kanuni ya Mendel, hesabu ilikuwa kamili. Lakini mimba zote zikafa. Ya mama wawili iliota kiwiliwili, ila kondo la nyuma likawa dhaifu. Ya baba wawili iliota kondo, ila kiwiliwili kikawa si kitu. Wataalamu wa Philadelphia walipata jambo hilohilo mwaka uleule.

Maana yake ni kwamba jeni chache, katika binadamu zipatazo mia na kitu kati ya maelfu mengi, hupigwa muhuri wa kikemia zinapofanyika mbegu za uzazi. Zilizotoka kwa mama zina mihuri yake, zilizotoka kwa baba zina yake, na yenye muhuri hunyamaza. Pale katika kromosomu ya 15, jeni kadhaa za mama zimefungwa. Za baba ndizo zinazofanya kazi peke yake. Zikikosekana, hakuna wa kushika zamu. Na muhuri si wa milele. Mwanamume aliyepokea jeni iliyofungwa na mama yake, anapoirithisha, hufuta muhuri wa mama na kuiacha wazi kama baba.

Kazi nyingi za jeni hizi zimo katika ubongo. Surani na mwenzake Keverne walichanganya chembe za mimba za panya, wakazifuata zinakokwenda. Chembe zenye jeni za mama tu zilikusanyika katika tabaka la juu la ubongo, lile la kufikiri. Zenye jeni za baba tu zilikimbilia chini, penye haipothalamasi, ambayo ndiyo hutuambia tuna njaa au tumeshiba. Nilipolisoma hilo nilimwona mtoto wa kaka yangu mbele yangu, mkono umo ndani ya chungu. Hakuwa mwizi. Sehemu ile ya ubongo wake haimwambii kwamba ameshiba, wala haijapata kumwambia hata siku moja. Na pale alipozaliwa, hizohizo jeni za baba ndizo ambazo zingemsukuma anyonye.

Kuna jingine lililotoka Cambridge mwaka 1999. Panya jike aliyekosa jeni moja iitwayo Peg3 kutoka kwa baba yake hawakusanyi watoto wake kiotani, wala maziwa yake hayatoki vizuri. Yaani utunzaji wa mama, ambao sisi huuita moyo wa kike, unategemea kitu alichopewa na baba yake.

Nilikwenda nyumbani likizo nikiwa nimejawa na maneno hayo. Nilidhani nitawaeleza wazee na shemeji atapumzika. Wazee walinisikiliza vizuri, maana mimi ni mwanafunzi, halafu wote wakageuza macho yao wakamtazama kaka yangu. Nikaona nimeondoa mzigo kichwani kwa mmoja na kumtwika mwingine. Ikanibidi nianze upya: kwamba mara nyingi kipande kile hukatika kwa bahati tu mbegu ya baba inapofanyika, kwamba baba mwenyewe ni mzima, kwamba watoto wengine hupata ugonjwa huohuo kwa kupokea kromosomu zote mbili kutoka kwa mama. Baba mkubwa aliuliza ni nani basi wa kulipa mbuzi wa utakaso. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sidhani kwamba amekubali. Lakini habari ya kumrudisha shemeji haikutajwa tena.

Daktari aliagiza chakula kipimwe, kiliwe kwa saa zilezile, na kingine kifungwe. Kaka akatia kufuli ghalani na jingine jikoni, na majirani wakaombwa wafanye vivyo hivyo. Mtoto sasa ana miaka saba. Anapenda sana kupanga vitu na kuvihesabu. Kwetu kuna baridi, njegere zinastawi, na likizo iliyopita nilipanda mistari miwili, mmoja wa mbegu laini na mmoja wa zenye mikunjo. Tulivuna pamoja, yeye akamenya, akaziweka kumi kumi juu ya mkeka, huku mama yake ameketi karibu akimtazama mikono. Aliniambia, Baba mdogo, ni mia mbili na arobaini. Nilipohesabu mimi, zilikuwa mia mbili na thelathini na tatu.